Neno Lenye Mkia

Mama Muthama,

Ulizikwa vizuri. Chakula kilipikwa kikatosha, na wageni walipokelewa.

Najua, najua. Nimekusikia kabla wino haujakauka. Ngoja nianze upya. Tulikuzika vizuri. Muthama na vijana wa kwa ndugu yangu walichimba, mkaza mwana wako Mumbua na wanawake wenzako wa mwethya, kile kikundi chenu cha kusaidiana, walipika, na mimi ndiye niliyemwaga udongo wa kwanza, na nusu yake ikaangukia kiatu changu. Haya. Sasa kila kazi ina mwenyewe.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyokuwa ukiiita ya mikutano. Kikamba nakusemesha kila asubuhi pale kaburini nikipita na mbuzi, na hunijibu. Nimefikiri labda karatasi itakuchokoza. Tangu utoke shule ya ngumbaru hukuwahi kupita karatasi bila kuitafutia kosa.

Sina mtu mwingine wa kuuliza. Muthama amefunga mizigo. Jumatatu pikapu ya shemeji yake inakuja kuwachukua, yeye na Mumbua na watoto, waende Kibwezi, huko shemeji anakochoma matofali. Si ile safari ya mtu kwenda kibarua na kurudi na sukari. Ameng'oa mlango wa nyumba yake. Mlango, Mama Muthama. Umeegemea ukuta pale nje na bawaba zake, na nyumba imebaki na mdomo wazi kama mtu aliyeambiwa habari mbaya. Mtu anayeng'oa mlango harudi.

Na anaondoka na Kalekye. Mtoto yule tuliyempa jina lako, ambaye mimi humwita mke wangu mdogo naye hunijibu kwamba mume gani huyu hana meno. Akienda, hakuna atakayeliita jina lako tena katika boma hili. Mimi siwezi kusimama uani nikaita "Kalekye" na hakuna mtu. Majirani watasema nimeanza wazimu.

Nina kesho tu. Na mimi na mwanao hatujasemezana neno lililonyooka tangu mavuno ya kunde. Kumbe mtu anaweza kuwatafsiria wakubwa miaka na miaka, halafu akose la kumwambia mtoto wake mwenyewe.

Kwa hivyo nimerudi mwanzo, labda nitaona tulipopotea.

Unakumbuka yule mwalimu wa ngumbaru, kijana mwembamba kutoka Kanyangi, aliyekuwa akiwaogopa nyinyi wamama kuliko mkaguzi. Aliwaandikia ubaoni: mtoto anapiga ng'ombe. Chini yake akaandika: ng'ombe anapigwa. Akasema maana ni moja. Wenzako wakanakili. Wewe ulirudi nyumbani na sentensi ile kama mtu aliyeuziwa jogoo mgonjwa.

"Baba Muthama, si moja. Katika hii ya pili mtoto ametoroka."

Nikakwambia hiyo ni sarufi tu.

"Sarufi au si sarufi, ng'ombe amepigwa na mtoto hayuko. Angalia hapa mwisho. Ameacha mkia tu." Ukaweka kidole kwenye ile *wa* ya mwisho, kidole chenye unga, na alama ya unga ikabaki kwenye daftari.

Tangu siku hiyo ukaanza kuwinda mikia. Kikamba chetu nacho kina mkia huohuo, kwa hivyo sikuwa na lugha ya kukimbilia.

Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa chifu. Miaka yangu ya kupika katika nyumba za watu Mombasa ilikuwa imenipa Kiswahili, na Kiswahili kikanipa ruhusa ya kusimama karibu na wakubwa bila kuwa mkubwa. Mgeni akija kwenye baraza, yeye anasema kwa Kiswahili, mimi nageuza kwa Kikamba. Wewe ulikaa mbele na wanawake, miguu umeinyoosha, na kila mheshimiwa alipotoa neno niliona midomo yako ikicheza.

Barabara itatengenezwa. *Nuu?*

Zahanati itajengwa. *Nuu?*

Hukupaza sauti hata siku moja. Nani? Nani? Nani? Kwa Kikamba ni silabi moja tu ndefu, *nuu*, na ulikuwa unaisema kama mtu anayewaita vifaranga. Ila mimi pale juu niliisikia kuliko kipaza sauti.

Mkutano ukiisha tulirudi nyumbani kwa miguu tukiuchambua kama kunde. Mimi nilikuwa na kumbukumbu, ningeweza kukurudishia hotuba nzima na kikohozi chake. Wewe ulikuwa na sikio. Ni wewe uliyeniambia, pale kwenye korongo la mchanga, kwamba wote wana vinywa vitatu. "Lililofanyika, anasema *mimi*. Litakalofanyika, anatia mkia. Lililoharibika, anasema *sisi sote*." Nilisimama nikalitafuta lililokosekana katika hotuba zote nilizowahi kutafsiri. Sikulipata. Shule niliijenga. Maji yataletwa. Njaa, ndugu zangu, ni yetu sote.

Ungeishia hapo ningefurahi. Mwanamume anaweza kuishi vizuri sana na mke anayewasikiliza wanasiasa. Shida ilikuja ulipogeuza lile sikio likaelekea kwangu.

Jioni moja nikasema, bila nia mbaya, "Mlango wa jikoni utatengenezwa."

Ulikuwa umekaa chini unapepeta pojo. Hukuinua kichwa. "Nuu?"

Nikacheka. Hukucheka. Ungo ukaendelea, shwa, shwa.

"Mimi," nikasema.

"Lini?"

"Kesho."

"Haya."

Mlango ulitengenezwa. Samahani. Niliutengeneza.

Nilijitetea, unajua. Nilikwambia kuna maneno yana mkia na hayana mwenyewe. Mtu akisema nimechelewa, nani amemchelewa? Ukafikiri kidogo ukasema, "Ndiyo maana nyinyi wanaume mnalipenda." Nikakuuliza, na kuolewa je? Hapo ukaweka ungo chini kabisa. "Wewe umeoa, mimi nimeolewa. Siku ya kugawa maneno sisi tulikuwa mtoni tunachota maji. Tuliporudi tukakuta imebaki mikia tu."

Mimi huyo sikubishana tena.

Na watoto nao. Muthama alikuja siku moja, mdogo, magoti yana vumbi, akasimama mlangoni akasema mtungi umevunjika. Mimi nikanong'ona kwamba hapa hata mkia haupo, mwizi ameondoka na mkia wake. Wewe uliinamia sufuria. Ukakoroga uji. Mtoto akasimama, akahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu. Mwisho akakwambia wewe, mama yake, "Nimeuvunja mimi, mwaitu."

Ukamtilia uji.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yako, na wala hukuitangaza. Anayejitaja hachapwi, anapata uji. Watoto wetu walikua wakisema kweli, na watu wakadhani ni ulokole. Ilikuwa ni uji.

Kuna siku ile ya mkutano wa Kabati nayo, siwezi kuiruka, maana ulicheka hadi ukaketi. Mgeni alitoka Nairobi, si wa kwetu, Kikamba hakijui hata cha kuomba maji. Akasema maji yataletwa mpaka soko la Tulia. Na mimi, kwa sababu ya kuishi na wewe, mdomo ukanikimbia. Kwa Kikamba nikasema: nitaleta maji mpaka Tulia. Watu wakaangaliana kwanza. Hawakuwa wamewahi kusikia kitu kama hicho. Halafu uwanja ukalipuka. Mgeni akaona watu wanampenda, akakolea. Zahanati itajengwa. Nitajenga zahanati. Barabara itawekwa lami. Nitaweka lami. Kila mkia aliotoa yeye, mimi niliukata, na wanawake wakapiga vigelegele, na yeye akajifuta jasho akatabasamu kama bwana harusi.

Baada ya hotuba wakamzunguka na mitungi mitupu, wanamuuliza asubuhi waje kuchota saa ngapi. Chifu akaniita kando.

"Baba Muthama, wewe ulimwambia nini?"

"Nilitafsiri, chifu."

"Ulitafsiri au ulimwapisha?"

Wakatafuta mkalimani mwingine, anayejua kuacha mikia mahali pake. Nikarudi kwa mbuzi wangu. Ukaniambia umeolewa na mtu mmoja tu katika wilaya nzima aliyewahi kumfanya mheshimiwa aseme *mimi*, hata kama mwenyewe hakujua. Sijapata sifa nyingine tangu hapo na sikuhitaji.

Sasa nifike kwenye maziko. Nimekuwa nikizunguka.

Mheshimiwa alikuja. Mwaka huu wa vyama vingi kila jeneza lina waheshimiwa wawili, kwako alikuja mmoja tu, usione vibaya, siku hiyo kulikuwa na maziko mengine makubwa zaidi. Hakukujua. Jina lako alilisoma kwenye kiganja. Lakini alikuja na kipaza sauti chake mwenyewe kama fundi anayetembea na vifaa vyake, na alikuwa na sauti nzuri, siwezi kumnyima, sauti ya mtu anayekufunika blanketi. Akaweka mkono kwenye bega la Muthama. Akasema, "Familia hii itaangaliwa. Huyu kijana wetu ataajiriwa. Hilo limeshaamuliwa."

Mikia mitatu juu ya jeneza moja.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikageuka. Bila kufikiri, Mama Muthama, nikageuka kukutafuta pale mbele kwa wanawake, nione midomo yako. Mtu pekee katika mkutano ule ambaye angeuliza alikuwa ndani ya sanduku.

Sijui kama umewahi kunyamaziwa hivyo. Kwangu ndiyo mara ya kwanza. Hapo ndipo nilipojua kwamba umekufa. Hospitali hawakuniambia vizuri, mchungaji wetu hakuniambia vizuri. Huyo mheshimiwa ndiye aliyeniambia.

Muthama akaamini. Ulimwacha fundi wa mawe anayetafutwa mpaka Kabati. Akaweka chini nyundo na timazi yake akaanza kwenda Kitui mjini, kwenye ile ofisi, kila wiki, amepiga pasi shati la matangani. Huko walimwambia unashughulikiwa. Wiki nyingine faili limepelekwa. Wiki nyingine utaitwa. Alirudi nayo maneno hayo nyumbani kama mtu anayeleta nyama, anamgawia Mumbua: wamesema nitaitwa. Watu waliokuwa wakimwita kuwajengea wakatafuta fundi mwingine.

Nilimuuliza. Usiseme sikuuliza. Nilitumia neno lako lilelile, ila nilikuwa nimesimama katikati ya ua, mikono nyuma, mkewe na watoto wanasikia. "Utaitwa. Nuu? Ataajiriwa. Nuu? Nani hasa?"

Alinigeukia. "Baba, hata matanga ya mwaitu unayasahihisha?"

Lilinichoma, na nilidhani ni jeuri. Imenichukua miezi kuona alichosema. Ahadi ile alipewa akiwa amegusa jeneza lako. Kuikata mkia ilikuwa kama kumwambia kwamba hata siku ile, siku pekee iliyokuwa yako, watu walikuja kutudanganya. Na wewe ulipokuwa ukiuliza *nuu* ulikuwa umekaa chini, macho kwenye ungo, mtu anapata mahali pa kuweka uso. Mimi nililichukua neno lako nikalipandisha jukwaani.

Baada ya hapo mikia ikahamia kwetu. Ingeingia jikoni kama panya ungeisikia, lakini hukuwapo. Nikitoka asubuhi namsikia Muthama, "Ng'ombe hawakunyweshwa jana." Nami najibu, nikiangalia mlima, "Kuna watu hapa hulala mpaka jua linawachoma." Kuna watu. Unamkumbuka yule diwani wa Tulia, jinsi ulivyomchukia kwa ile *kuna watu* yake? Kuna watu hawataki maendeleo. Kuna watu wanapiga siasa kwenye visima. Ulisema mtu anayesema *kuna watu* anatupa jiwe akiwa amejificha nyuma ya mama yake. Sasa nilikuwa nalitupa mimi, na mama hayuko.

Nikafika mahali pa kuhutubia mbuzi. Nawafungulia zizi, nawaambia kwa sauti, hakuna anayejali boma hili, wazee hawaheshimiwi, maneno yanadharauliwa, huku najua Muthama yuko nyuma ya ukuta anakunywa chai. Siku moja nikajisikia. Nilisimama na ufito mkononi nikasikia ile sauti, na haikuwa yangu. Ilikuwa na lile blanketi la mheshimiwa. Beberu mkubwa alikuwa ananitazama anatafuna, na nakuapia, alikuwa na uso wa mtu aliyekaa mbele katika baraza akingoja unga ugawiwe.

Na Mumbua, maskini, tukamfanya mkalimani. Mwambie baba yako jembe linahitajika. Mwambie mume wako jembe liko lilikowekwa. Watu wawili wanaosema Kikamba kimoja, wamesimama hatua chache, na mtoto wa wenyewe katikati amebeba maneno kama maji. Akavumilia. Halafu juzi, tukiwa hapo, akaweka sufuria chini akasema taratibu, "Mimi nimechoka kutafsiri. Semeni wenyewe."

Hatukusema. Kesho yake Muthama akang'oa mlango.

Basi ndiyo hayo. Niambie la kusema. Nimekaa hapa nimejaribu kulipata, na kila sentensi ninayoishika ina mkia. Naishika, inaniachia mkia mkononi kama mjusi, yenyewe inakwenda.

Ningekuomba uje japo kwa ndoto lakini silali.

---

Jumanne.

Barua hii niliiacha hapo juu. Ngoja nikumalizie, maana ulichukia hadithi iliyoachwa njiani kuliko uji wa baridi.

Jumapili baada ya kanisa nilijaribu kutunga. Niliingia zizini nikasema: Muthama, boma hili linakutegemea. Ukoo umesikitishwa. Utakumbukwa daima na wote waliokujua. Nikagundua kwamba hiyo ya mwisho ni ya matangani na mtoto bado yuko hai. Mbuzi walisikiliza vizuri. Kama wangekuwa na kura ningepita. Niliketi kwenye jiwe la chumvi nikalia, na usiulize nuu.

Jumatatu pikapu ikaja mapema. Wakapakia vitanda, karai, magunia, kuku wamefungwa miguu, na juu ya vyote Muthama akaulaza ule mlango akaanza kuukaza kwa kamba. Kalekye alikuwa amepandishwa, Mumbua alimpandisha, amekaa juu ya gunia anakula kiazi. Akanipungia mkono wenye kiazi. Shemeji alikuwa ndani ya gari hataki kuniangalia, ni mtu mwenye adabu.

Nilikwenda nikasimama nyuma ya mwanao. Niliona shingo yake. Ana ile alama yako ya kuzaliwa.

Nikasema, "Muthama, unahitajika hapa."

Nikasikia mkia ukiteremka nyuma ya neno, mrefu, kama wa nyoka. Nikajua nimekwisha.

Aliivuta kamba mara nyingine. Akaacha. Hakugeuka.

"Nuu?"

Mama Muthama. Sijui nikwambieje. Haikuwa hasira, haikuwa kejeli. Ilikuwa chini, taratibu, ilikosa ungo tu. Nilishika ubavu wa gari. Na yeye akageuka, akakaa chini, palepale kwenye vumbi, mgongo kwenye gurudumu, akaangalia viatu vyake. Amekaa kwanza yeye. Kwa hivyo na mimi nikakaa, magoti yakipiga kelele.

"Mimi," nikasema. "Mimi nakuhitaji. Mimi sitaki uende." Lilipotoka hilo yakaja mengine, sikuyatunga. "Na siku ile ya maziko hata mimi niliamini. Kidogo. Nilijua anasema nini, nimeishi kwa maneno yale, na bado niliamini, kwa sababu nilitaka mtu mmoja aseme tutaangaliwa."

Alifuta vumbi kwenye kiatu. Kuku walikuwa wanalalamika huko juu. Halafu akasema, "Mimi niliacha kazi yangu, baba. Nimekuwa nikisema ilipotea. Haikupotea. Niliiacha mimi."

Mtoto wako amejitaja.

Nikainuka. Nilijua la kufanya, nilikuona umefanya mara elfu. Nikaingia jikoni kwako. Uji ulikuwapo, wa jana, umepoa umefanya ngozi juu. Nikautia kwenye kikombe nikampelekea. Aliuangalia, akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike akacheka kidogo kwa pua. Akaunywa wote, na ngozi yake.

Usifurahi upesi. Alikwenda.

"Matofali nimeshamwahidi shemeji," akaniambia. "Nitaenda. Mvua ikianza nitarudi, nipande na wewe." Akapanda nyuma ya pikapu, akafungua ile kamba aliyokuwa ameikaza, akaushusha mlango. Akauegemeza ukutani palepale ulipokuwa. "Nitauweka mwenyewe nikirudi," akasema. "Usiuguse, utaniharibia bawaba."

Kalekye akaniita kwa sauti, wewe mume, usioe mwingine. Wakaondoka. Vumbi likakaa hewani kwa muda mrefu kuliko gari lenyewe.

Tangu hapo nimekaa na maneno ya mwanao. Nimeyachunguza kama mtu anayenunua mbuzi sokoni, nimeyafungua mdomo nikatazama meno. Nitaenda. Nitarudi. Nipande. Nitauweka mwenyewe. Sioni mkia. Nimeyageuza upande huu na huu, hakuna mahali mtu anaweza kujificha. Wewe ungeyapitisha.

Lakini sikio linajua tu kama neno ni zima. Haliwezi kuleta mvua. Nimekaa hapa na mlango usio na nyumba na nyumba isiyo na mlango, mawingu yanakuja mchana yanatuangalia halafu yanakwenda zake kwa watu wengine, na boma limenyamaza hata jogoo anawika kama anayeomba radhi. Mwaka jana nilingoja mvua kwa ajili ya mahindi. Mwaka huu naingoja kwa ajili ya mtu, na sijui kama nitaiweza. Leo mchana niliona wingu jeusi nikakimbia nje kama kichaa. Lilikuwa moshi wa jirani anachoma shamba.

Basi kaa salama, Mama Muthama. Nakuachia karatasi hii chini ya lile jiwe la upande wa kichwa, usahihishe taratibu, muda unao. Mimi nakuahidi mambo ambayo nayaweza. Nitauliza nikiwa nimekaa. Neno *kuna watu* sitalisema tena, nitamtaja mtu jina lake au ninyamaze. Mlango sitaugusa. Mvua ikianza nitasimama pale njiani, na akija nitamwambia nilikuwa nakungoja, mimi, na si kwamba ulikuwa unangojwa.

Kuna mkia mmoja tu ulionishinda. Nikipita soko la Tulia watu hunishika mkono wakasema, pole mzee, tulisikia umefiwa. Nami hujibu, ndiyo, nimefiwa. Nimelizungusha neno hilo miezi yote hii nikijaribu kulisema bila mkia, na Kiswahili kimekataa, na Kikamba hakikunisaidia.

Nimefiwa.

Uliza basi. Uliza kama ulivyokuwa ukiuliza, umekaa, macho kwenye ungo. Safari hii jibu ninalo.

Ni wewe.

Mkalimani wako,
Baba Muthama